Usiku uliokuwa hifadhi: historia ya uwindaji na jicho la joto nchini Omani

Kwa karne nyingi wanyama pori wa Omani walilindwa na mambo mawili: umbali na giza. Gari liliufuta umbali, kurunzi ikalipasua giza, na leo kamera ndogo inayoona joto la mwili inatoshea katika kiganja cha mkono. Makala hii inafuatilia safari hiyo kutoka milima ya Nizwa na mabonde ya Ibra hadi Isiolo nchini Kenya, ambako choroa wa Uarabuni walipewa makao mwaka 1962 ili kizazi chao kisikatike.

Jua linapozama katika eneo la Sharqiyah, mashariki mwa Omani, mawe ya mabonde yanayouzunguka mji wa Ibra hayapoi mara moja. Hubaki na joto la mchana kwa saa kadhaa, na mtu anayekaa juu yake huhisi kama ameketi kando ya jiko lililozimwa muda si mrefu. Hiyo ndiyo saa ambayo swala wa Kiarabu huanza kutoka chini ya vivuli vya migunga kwenda kutafuta malisho. Mchana kutwa amejibanza, akiepuka jua na macho ya binadamu. Usiku ni wake.

Angalau ulikuwa wake. Katika maduka ya vifaa vya uwindaji sehemu nyingi za dunia kunauzwa chombo chenye ukubwa wa darubini ndogo, ambacho humwonesha mwindaji mnyama gizani, mita mamia kadhaa mbele yake, kama umbo jeupe juu ya ardhi nyeusi. Hakihitaji mbalamwezi wala nyota. Hakitoi mwanga wa kumshtua mnyama. Kinapokea tu joto ambalo kiumbe hai hawezi kulificha.

Kwa Waswahili wa Omani, habari hii haiko mbali. Ibra na vijiji vya jirani ni chimbuko la koo nyingi zilizohamia Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki, na baadhi ya wajukuu wao walirejea baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970. Hadi leo Kiswahili kinasikika katika baraza na masoko ya Ibra, Sur, Nizwa na Maskati. Katika nyumba hizo wazee waliozaliwa Unguja hutumia neno la kwao, usasi, kwa kile ambacho vitabu vya shule hukiita uwindaji.

Utambi, mbwa na subira

Uwindaji nchini Omani ni wa kale kuliko miji yenyewe. Katika miamba ya mabonde ya milima ya Hajar kuna michoro iliyochongwa na watu wa zamani, ikionesha wanyama wenye pembe na watu wenye silaha. Kwa Mabedui wa nyanda za chini na wakulima wa milimani, nyama ya porini ilikuwa kitoweo cha siku chache katika mwaka, na ngozi ilikuwa na kazi yake. Sheria ya Kiislamu iliruhusu uwindaji wa chakula, ikauwekea mipaka: aliyevaa ihramu kwa Hija au Umra haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, na kuua kwa mchezo tu ni jambo lililochukiwa.

Silaha zenyewe ziliweka mipaka mingine. Mabedui walitumia mbwa aina ya saluki, warefu na wembamba, waliofunzwa kumkimbiza sungura na swala. Wenye bunduki walikuwa na gobore la utambi, ambalo Waomani waliliita Abu Fatila, yaani baba wa utambi. Bunduki hiyo ilijazwa baruti kwa mdomo na kuwashwa kwa kamba iliyokuwa ikifuka moto polepole. Mwindaji alipaswa kumsogelea mnyama sana, akizingatia upepo ili harufu ya utambi isimtangulie, naye alikuwa na risasi moja tu. Akikosa, siku imekwisha.

Mwishoni mwa karne ya 19 Maskati iligeuka kuwa moja ya masoko makubwa ya silaha katika Bahari ya Hindi, na bunduki za Kiingereza aina ya Martini-Henry zikaenea hadi vijiji vya ndani. Risasi sasa ilikwenda mbali zaidi. Hata hivyo mwindaji alibaki akitembea kwa miguu au kupanda ngamia, na jua lilipotua alilazimika kukoma. Jicho la binadamu ndilo lililokuwa kikomo cha bunduki.

Katika milima iliyo juu ya Nizwa, kwenye Jabal Akhdar na safu yote ya Hajar, aliishi mnyama wa aina yake: mbuzi-mwitu aitwaye tahri wa Kiarabu. Wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1894, kwa vielelezo vilivyotumwa London na A. S. G. Jayakar, daktari kutoka India aliyefanya kazi Maskati kwa miaka mingi, na jina lake likapewa mnyama huyo. Tahri hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima ya Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu. Udhaifu wake ni kiu. Wakati wa kiangazi hulazimika kushuka kunywa maji mara kwa mara, na mwindaji aliyejua chemchemi alijua pa kumsubiri. Kilichomwokoa ni miamba isiyopandika na usiku usioonekana kitu.

Gari na kurunzi

Kusini mwa Nizwa, barabara inapita mji wa Adam, ambao zamani ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara kabla ya jangwa. Mbele ya hapo ardhi inanyooka hadi Jiddat al-Harasis, uwanda mkubwa wa changarawe na chokaa unaokaliwa na kabila la Harasis. Hakuna mto wala ziwa. Kinachowaweka hai mimea, mbuzi na wanyama pori ni ukungu unaotoka baharini na kuacha umande kwenye majani. Hapo ndipo palipokuwa makimbilio ya mwisho ya choroa weupe wa Uarabuni.

Choroa huyu ni mdogo kuliko ndugu zake wa Afrika Mashariki, na rangi yake nyeupe hurudisha miale ya jua. Anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji, akitosheka na unyevu wa mimea. Lakini weupe huo huo humfanya aonekane kutoka mbali sana juu ya uwanda usio na kichaka. Maadamu mwindaji alikuwa juu ya ngamia, kuonekana hakukuwa na madhara makubwa. Umbali ulikuwa ukuta.

Ukuta huo ulibomoka katikati ya miaka ya 1950. Kampuni za mafuta zilianza kupeleka magari na mitambo katika jangwa la ndani, mafuta ya kuuzwa yakapatikana katika miaka ya 1960, na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 1967. Njia za magari zilizochorwa na watafuta mafuta zilifuatwa na wengine. Misafara ya wawindaji wenye magari ya kwenda porini, bunduki za kufyatua mfululizo na taa kali ilivuka mipaka ya nchi za Ghuba. Mnyama aliyezoea kumchosha ngamia hakuweza kulichosha gari. Usiku, taa ilimulika macho yake, akasimama akiwa amepumbaa, na mwindaji hakuhitaji kushuka kwenye kiti.

Oktoba mwaka 1972, kundi la wawindaji kutoka nje ya Omani lililikuta kundi dogo la choroa katika Jiddat al-Harasis. Baadhi waliuawa, wengine wakachukuliwa hai. Hao ndio choroa wa mwisho wanaojulikana kuwahi kuishi porini katika zama hizo. Mnyama aliyeishi Bara Arabu kwa maelfu ya miaka alimalizwa katika muda usiozidi miaka 20 tangu magari yaingie jangwani.

Isiolo, mwaka 1962

Kuna waliokuwa wameona msiba huo ukija. Mwaka 1962 chama cha kuhifadhi wanyama chenye makao yake London, Fauna Preservation Society, kiliandaa msafara wa kuwakamata choroa wachache kabla hawajaisha. Aliyeuongoza alikuwa Meja Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya, nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Uingereza. Mbinu zilizotumika zilikuwa za Afrika Mashariki: kumfukuza mnyama kwa gari na kumnasa shingoni kwa kitanzi cha kamba kilichofungwa kwenye mti mrefu, kama walivyofanya wakamataji wa twiga na vifaru.

Msafara huo ulihangaika katika jangwa la mashariki ya himaya ya Aden, karibu na mpaka wa Omani. Walipatikana choroa 4 tu: madume 3 na jike 1. Dume mmoja alikufa. Watatu waliobaki walipandishwa ndege hadi Kenya na kuwekwa Isiolo, kaskazini mwa nchi, mahali penye ukavu usiowatia ugeni mkubwa. Mwaka uliofuata walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix, jimboni Arizona, Marekani.

Huko liliundwa kundi lililoitwa kundi la dunia. Choroa watatu wa Isiolo waliunganishwa na mmoja kutoka bustani ya wanyama ya London, mmoja kutoka Kuwait na wanne kutoka kwa Mfalme Saud wa Saudi Arabia. Jumla yao ilikuwa 9. Gari, ambalo lilikuwa likiwamaliza choroa kwa bunduki, ndilo lililotumika kuwaokoa kwa kamba. Hilo ni jambo la kukumbukwa kila inapojadiliwa zana mpya ya uwindaji.

Kurudi na kupotea tena

Katika miaka ya 1970 Omani ilianza kuweka marufuku na hifadhi. Bonde la Sarin, katika milima iliyo kusini mashariki ya Maskati, lilitengwa kwa ajili ya tahri, na walinzi wake waliajiriwa kutoka miongoni mwa wakazi wa bonde lenyewe. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa: aliyejua chemchemi anayonywea tahri alikuwa sasa analipwa kumlinda hapo hapo.

Mfano huo ulifuatwa jangwani. Mwaka 1980 choroa waliozaliwa Marekani walianza kuwasili Yalooni, katika Jiddat al-Harasis, na tarehe 31 Januari mwaka 1982 kundi la kwanza la choroa 10 lilifunguliwa mlango wa zizi na kuachwa liende. Walinzi walikuwa Waharasis, watu ambao wazee wao walikuwa wakiwajua choroa kwa majina na nyayo. Mwaka 1994 hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO. Kufikia mwaka 1996 kulikuwa na choroa wapatao 450 porini.

Mwaka huo huo majangili walirudi. Safari hii hawakutaka nyama. Walitaka wanyama hai, hasa majike, kwa ajili ya watu wenye fedha waliopenda kufuga choroa katika mazizi yao binafsi nje ya nchi. Wengi walikufa wakati wa kukamatwa au safarini. Idadi ilishuka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 2007 walikuwa wamebaki 65 porini, wakiwa na jozi 4 tu za kuzaana. Wakati huo serikali ilikuwa imeamua kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 ili kuruhusu utafutaji wa mafuta na gesi. Mwezi Juni mwaka 2007, Kamati ya Urithi wa Dunia iliyokutana Christchurch, New Zealand, iliiondoa hifadhi hiyo katika orodha. Lilikuwa eneo la kwanza kabisa duniani kuondolewa.

Choroa hawakuisha. Waliobaki walitunzwa ndani ya uzio katika eneo ambalo leo linaitwa Hifadhi ya Wanyamapori ya Al Wusta, na idadi yao imepanda tena hadi kufikia mamia. Mwaka 2011, kutokana na mafanikio ya nchi kadhaa za Bara Arabu, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, ulimshusha choroa huyu daraja moja katika orodha ya wanyama walio hatarini. Ulikuwa ushindi usio wa kawaida kwa mnyama aliyewahi kutoweka kabisa porini. Lakini choroa wa Omani wanaishi nyuma ya waya. Usiku wa wazi haukuaminika tena kuwatunza.

Jicho lisilohitaji mwanga

Wakati mambo hayo yakitendeka jangwani, chombo kingine kilikuwa kikikomaa katika maabara. Historia yake inaanzia mwaka 1800, pale mwanafalaki William Herschel, akiwa Uingereza, alipopitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu na kuweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, kilipanda zaidi. Herschel alikuwa amegundua mionzi isiyoonekana kwa macho, inayoitwa infraredi.

Yapata mwaka 1880 Mmarekani Samuel Langley alibuni kipimo chepesi kiitwacho bolomita, kilichohisi mabadiliko madogo mno ya joto kwa jinsi umeme unavyopita katika ukanda mwembamba wa metali. Inasimuliwa kwamba kiliweza kuhisi joto la ng'ombe aliyekuwa umbali wa mita 400 hivi. Mnyama, basi, alikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuonwa kwa jicho la joto.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya majeshi. Kamera za joto za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa kubwa, ghali, na zilihitaji kupoozwa hadi baridi kali ili zifanye kazi. Umuhimu wake ulidhihirika katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Vifaru vya Iraki vilivyofukiwa mchangani vilipata joto la jua mchana, na usiku chuma chake kilipoa polepole kuliko mchanga. Marubani wa Marekani waliviona kutoka angani vikiwa maumbo yenye joto na kuvipiga kimoja baada ya kingine. Askari waliodhani giza na mchanga vimewaficha walikuwa wameachwa wazi.

Mapema katika miaka ya 1990 teknolojia mpya iliruhusiwa kutoka katika siri za kijeshi za Marekani. Badala ya kamera ya kupoozwa, kilitengenezwa kijisahani chenye maelfu ya bolomita ndogo sana, kila moja ikiwa nukta moja ya picha, kikifanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Ilitumika na wazima moto, mafundi wa umeme na madaktari. Bei ilishuka, ukubwa ukapungua, na hatimaye ikafika mkononi mwa mwindaji.

Mwili wa swala una joto la digrii 38 au 39 za Selsiasi. Kila chenye joto hutoa mionzi, na mionzi ya mwili hai huangukia katika mawimbi ambayo kamera hizo zimeundwa kuyapokea. Mandhari yakiwa baridi kuliko mnyama, mnyama hung'aa. Hapo ndipo ardhi ya Omani inapoonesha ukaidi wake. Mchana wa kiangazi mwamba huweza kuwa na joto lile lile la mwili au kulizidi, na kamera haioni tofauti: swala hupotea ndani ya jiwe. Hata baada ya magharibi, mawe ya mabonde ya Ibra na Nizwa yanaendelea kung'aa. Mwenye kamera hulazimika kusubiri usiku wa manane, ardhi inapokuwa imepoa.

Choroa yuko katika hali ya kusikitisha zaidi. Watafiti waliomchunguza nchini Saudi Arabia waligundua kwamba ili asipoteze maji kwa jasho, huacha mwili wake upande joto wakati wa mchana, kisha hulitoa joto hilo usiku hewa inapopoa. Katika kiangazi tofauti kati ya joto lake la mchana na la usiku hupita digrii 4. Hiyo ndiyo siri yake ya kuishi jangwani. Lakini joto analolitoa gizani ndilo hilo hilo linaloingia katika kamera. Kinachomwokoa na kiu kinamtangaza kwa mwindaji.

Kulungu wa Scotland, swala wa Sharqiyah

Si kila mahali chombo hiki ni tishio. Huko Scotland inakadiriwa kuwa kuna kulungu wapatao milioni 1. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwala walimalizwa na binadamu karne kadhaa zilizopita, na kulungu wamezidi kiasi kwamba miche ya miti haipati nafasi ya kukua. Mwaka 2023 sheria ya huko ilibadilishwa kuruhusu matumizi ya vioo vya kulengea vinavyoona joto kwa wale wenye idhini ya kupunguza kulungu usiku. Hoja iliyotolewa ni kwamba anayeona vizuri hulenga vizuri, na mnyama hateseki. Aidha, mwindaji anaweza kuona kama kuna mtu au mbwa nyuma ya shabaha.

Hoja hiyo ina uzito palipo na wanyama kupita kiasi, vibali na wakaguzi. Omani haina kulungu. Ina swala wa Kiarabu, ambaye IUCN inamhesabu kuwa hatarini, na tahri, aliye katika hatari kubwa zaidi. Sheria ya Omani ya mwaka 2003 kuhusu hifadhi na wanyama pori inakataza kuwaua au kuwakamata na inaweka adhabu ya kifungo. Mizani, basi, si ile ile. Huko Scotland kamera husaidia kupunguza waliozidi. Katika bonde la Sharqiyah, usiku mmoja wa mtu mmoja mwenye kamera unaweza kuondoa kundi zima la ukoo wa swala.

Kuna tatizo jingine la kisheria ambalo nchi nyingi zinakabiliana nalo. Sheria za uwindaji za karne ya 20 ziliandikwa na watu waliozijua kurunzi na taa za gari. Zilikataza kumulika. Kamera ya joto haimuliki kitu. Mlinzi aliyezoea kukesha juu ya kilima akitafuta mwanga wa jangili bondeni hataona chochote.

Jicho hilo hilo kwa mlinzi

Hata hivyo historia ya gari na choroa inafundisha kwamba zana haina upande. Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la WWF, kwa ushirikiano na watengenezaji wa kamera za joto, lilianza kuwapatia askari wa wanyamapori wa Kenya vyombo hivyo katika Maasai Mara na kwenye uzio wa Ziwa Nakuru. Kabla ya hapo jangili aliingia usiku kwa kujua kwamba askari hamwoni. Katika miezi michache ya mwanzo majangili zaidi ya 20 walikamatwa Maasai Mara. Walikuwa wakitembea gizani kwa utulivu wakati askari wakiwatazama kutoka mbali.

Omani nayo imelitumia joto la mwili kwa ajili ya ulinzi kwa njia ya kimyakimya zaidi. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameweka kamera za kujipiga zenyewe katika milima ya Dhofar kumtafuta chui wa Kiarabu. Kamera hizo huamshwa na joto la mnyama anayepita mbele yake. Hakuna anayemfukuza wala kummulika. Anapita, picha inabaki, naye anaendelea na safari yake.

Lakini askari wa Kenya au wa Omani hana budi kuwapo ili chombo kiwe na faida. Mwaka 1972 hakuna aliyekuwa na kamera ya joto katika Jiddat al-Harasis, na choroa walimalizwa. Kati ya mwaka 1996 na 2007 majangili walitumia magari na kamba, na hifadhi iliyotambuliwa na dunia ikapotea. Katika nyakati zote mbili kulikuwa na mnunuzi aliyesubiri mwisho wa safari, na eneo kubwa kuliko idadi ya walinzi. Pale choroa na tahri walipopata nafuu, palikuwa na Mharasi au mwana wa bonde la Sarin aliyepewa mshahara, gari na heshima ya kuwalinda.

Waswahili husema msasi haogopi miiba. Methali hiyo ilimsifu mtu aliyelipia kitoweo chake kwa jasho na michubuko, aliyerudi mikono mitupu mara nyingi kuliko alivyorudi na nyama. Anayeketi ndani ya gari lenye kiyoyozi akitazama kioo kidogo hana miiba ya kuiogopa. Ugumu wa kazi ulikuwa sehemu ya kipimo, na kipimo hicho kimeondoka bila kingine kuwekwa mahali pake isipokuwa sheria na dhamiri.

Karibu na mji wa Al Kamil wal Wafi, kwenye njia inayotoka Ibra kwenda Sur, ipo Hifadhi ya As Saleel, iliyoanzishwa kwa amri ya Sultani mwaka 1997. Ni eneo la kilomita za mraba 220 hivi, lenye msitu wa migunga chini ya vilima, na ni moja ya makao muhimu ya swala wa Kiarabu katika Sharqiyah. Usiku wa manane, mawe yanapokuwa yamepoa, swala hutoka msituni kwenda kula. Husimama, huinua shingo, huchezesha masikio, hunusa upepo. Wasiposikia mlio wala kuona mwanga, huinamisha vichwa na kuendelea kula, kama mababu zao walivyofanya, wakiamini kwamba giza limewafunika.